Ruta mbili, nyumba moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kilio huwa kilekile. Sebuleni intaneti inakimbia, lakini chumba cha mwisho simu inaonyesha mstari mmoja, inazungukazunguka, halafu inakata. Kabatini kuna ruta ya zamani, nzima, inakula vumbi. Haiwezi kusaidia? Inaweza sana. Ila ukiichomeka tu bila kugusa mipangilio yake, huenda ukajiongezea tatizo la pili juu ya la kwanza.

Je, kweli nahitaji ruta ya pili?

Pengine huhitaji. Kabla ya yote, ihamishe uliyo nayo. Ruta nyingi huishia pale fundi alipoingizia waya: kwenye kona, chini, nyuma ya televisheni. Ipandishe juu, isogeze katikati ya nyumba, itoe kabatini. Zege lenye nondo hula mawimbi vibaya, na kioo kikubwa cha ukutani, friji na tangi la maji navyo havina huruma.

Kisha pima, usikisie. Pakua programu yoyote ya simu inayoonyesha nguvu ya Wi-Fi kwa dBm. Namba zake ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mambo yalivyo mazuri. Ukipata -50 uko vizuri sana, -67 bado inatosha kwa simu ya video, na ukifika -80 hapo unapapasa gizani. Pima mlangoni mwa chumba, halafu pima kitandani. Mara nyingine hatua tatu tu zinatofautisha -65 na -78.

Jaribio jingine: simama kando kabisa ya ruta. Kama hata hapo intaneti inajikokota, ruta ya pili haitakusaidia kitu, kwa sababu uzito unatoka kwenye laini yenyewe.

Ruta, modemu, swichi: tofauti ni ipi?

Kile kiboksi unachokiita ruta kwa kawaida ni watu watatu au wanne waliovaa kanzu moja. Kuna modemu, inayozungumza na laini ya mtoa huduma (wakati mwingine huwa kiboksi cha peke yake). Kuna ruta hasa, ambayo hugawa anwani kwa vifaa vya nyumbani na kupitisha data kati yao na intaneti. Kuna swichi, yaani yale matundu ya LAN yanayounganisha vifaa vya waya. Na kuna redio ya Wi-Fi.

Ukishawaona kama watu tofauti, kazi yote inakuwa rahisi kuielewa. Ruta ya zamani tunataka kuinyang'anya madaraka, ibaki na swichi na redio tu. Kwenye menyu za ruta hali hiyo huitwa AP, na ndilo jina nitakalolitumia.

Mbona nikiunganisha ruta mbili hivihivi zinagombana?

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kila ruta ikitoka kiwandani hujiona ndiyo mkubwa wa nyumba, na ndani yake kuna huduma ya DHCP, ambayo kazi yake ni kukipa kila kifaa kinachoingia anwani ya IP na kukiambia mlango wa kutokea kwenda intaneti ni upi. Ruta mbili kwenye mtandao mmoja zikiwa na DHCP zote, kifaa kinachukua jibu la yule aliyewahi kujibu. Ukijibiwa na ruta kuu, unapata intaneti. Ukijibiwa na ile ya pili, unaambiwa mlango wa kutokea ni yeye, na yeye hana njia ya kwenda popote.

Ubaya wa tatizo hili ni kwamba haliji siku moja kwa wote. Lilinikuta mimi. Mtu wa nyumbani aliona ruta ya chumbani imeganda, akachukua pini akabonyeza kile kitundu cha nyuma akidhani anaizima na kuiwasha. Kumbe amefuta mipangilio yote, na DHCP niliyokuwa nimeizima ikafufuka. Usiku ule simu yangu ilifanya kazi kama kawaida, laptopu ikagoma. Asubuhi laptopu imepona, simu ndiyo inagoma: "Imeunganishwa, hakuna intaneti." Nilimlaumu mtoa huduma nusu siku nzima. Nilipofungua maelezo ya Wi-Fi kwenye simu nikakuta anwani ya 192.168.0.104, na nyumba yangu yote ni 192.168.1. Hapo nikajua mgeni kaingia. Vifaa vilivyokuwa bado na anwani ya zamani viliendelea kuishi nayo hadi muda wake ulipokwisha, ndiyo maana vilianguka kimojakimoja.

Ukiona dalili hizo, usianze na kupiga simu. Angalia kwanza anwani ya kifaa kinachogoma na ya kile kinachofanya kazi. Zikitofautiana namba ya tatu, umeshampata mchawi.

Basi niigeuzeje ruta ya zamani kuwa AP?

Anza kwa kuifuta: ikiwa imewaka, bonyeza kitundu cha reset kwa pini kwa sekunde kama kumi hadi taa zibadilike. Usiiunganishe na ruta kuu bado. Chukua kompyuta, iunganishe kwa kebo kwenye tundu moja la LAN la hiyo ruta ya zamani, fungua kivinjari, andika anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko cha chini. Mara nyingi ni 192.168.0.1 au 192.168.1.1.

Ukikuta kwenye menyu kuna chaguo la AP, umebahatika. Lichague, weka jina la Wi-Fi na neno la siri, hifadhi, umemaliza. Katika hali hiyo ruta nyingi hukubali kebo hata kwenye tundu la WAN, yaani lile la kupokelea intaneti kutoka nje.

Kama chaguo hilo halipo, unaifanya kwa mkono, na mpangilio wa hatua una maana. Weka kwanza Wi-Fi: jina, neno la siri, usalama wa WPA2 au WPA3. Halafu badilisha anwani ya LAN ya ruta hiyo. Tuseme ruta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.199, basi hii ipe 192.168.1.2, iwe nje ya zile zinazogawiwa ili isije ikagongana na simu ya mtu. Hifadhi. Itajizima na kuwaka, na utapotezana nayo kidogo. Ingia tena kwa anwani mpya, 192.168.1.2. Sasa ndiyo uzime DHCP. Ukiizima mwanzoni, kompyuta yako inaweza kubaki bila anwani na ukajifungia nje ya nyumba uliyokuwa unaijenga.

Mwisho, kebo: kutoka tundu la LAN la ruta kuu hadi tundu la LAN la ruta ya pili. Tundu la WAN la ruta ya pili liache wazi. Mimi hubandika kipande cha selotepu juu yake, na juu ya boksi naandika kwa kalamu ya wino mzito "192.168.1.2, DHCP IMEZIMWA". Inaonekana kama mzaha mpaka miaka miwili ipite.

Na nikichomeka kebo kwenye WAN bila kubadilisha chochote?

Kurasa zitafunguka na video zitacheza, ndiyo maana wengi wanaishi hivyo bila kujua. Unachokuwa nacho ni mitandao miwili, mmoja ndani ya tumbo la mwingine, na kila data inabadilishwa anwani mara mbili njiani. Wataalamu huita hali hiyo NAT mbili.

Utaigundua siku printa iliyoko kwenye ruta ya kwanza haionekani ukiitafuta kwa simu iliyoko kwenye ruta ya pili, au video ya kwenye simu inakataa kurushwa kwenye televisheni. Michezo ya mtandaoni yenye kuunganisha wachezaji moja kwa moja hulalamika, na kamera uliyotaka kuiona ukiwa safarini kwa kufungua mlango (port) kwenye ruta, yaani kumruhusu aliye nje aingie, inahitaji mlango ufunguliwe mara mbili.

Kuna jambo moja la lazima ukiamua kwenda njia hii: ruta mbili zisiwe na mtandao wa namba zilezile. Kama ya kwanza inatumia 192.168.1, ya pili ipe 192.168.2 au 10.0.0. Pande zote mbili zikiwa 192.168.1, ruta ya pili haijui data iielekeze mbele au nyuma. Ruta za siku hizi baadhi hugundua na kujibadilisha zenyewe, za zamani hukaa kimya tu.

Ukitaka kujua kama mtoa huduma naye ameshakuweka nyuma ya NAT yake, angalia anwani ya WAN kwenye ruta kuu. Ikianzia 100.64 hadi 100.127, jibu ni ndiyo, na kufungua mlango nyumbani hakutakufikisha nje hata ufanyeje.

Naweza kutumia ruta ya pili kuwatenga wageni?

Unaweza, na hapa ndipo watu wengi hukosea upande. Wanawaweka wageni kwenye ruta ya pili na vitu vyao wenyewe kwenye ya kwanza, wakiamini wamejenga ukuta. Ukuta upo, ila umegeuka. Aliye nyuma ya ruta ya pili anapoelekea intaneti anapita kwenye mtandao wa ruta ya kwanza, kwa hiyo anaweza kugonga kila kifaa kilichopo humo: kompyuta, kamera, diski ya picha za familia. Aliye kwenye ya kwanza ndiye asiyeweza kuingia ya pili.

Kwa hiyo mwenye nyumba akae ndani, wageni wakae nje: vyako nyuma ya ruta ya pili, wageni kwenye ya kwanza. Ukitaka pande zote zisionane, zinahitajika ruta tatu, moja ya mbele isiyo na kifaa kingine chochote na mbili zinazoning'inia kwake kila moja kwa tundu lake la WAN. Hata hivyo, kabla hujafika huko, tazama kama ruta kuu ina mtandao wa wageni ndani yake. Kwa familia nyingi hiyo inatosha. Kumbuka tu kuwa AP ya zamani uliyoiunganisha kwa LAN haijui habari za mgeni; ukiwasha mtandao wa wageni juu yake, mara nyingi mgeni anatua sebuleni kama wengine.

Jina la Wi-Fi liwe moja au mawili?

Moja. Jina lilelile, neno la siri lilelile, aina ileile ya usalama, herufi kubwa na ndogo zikilingana. Hapo simu ikihama kutoka sebuleni kwenda chumbani itahama yenyewe.

Angalau kinadharia. Anayeamua kuhama ni simu, wala si ruta, na simu nyingine zina ung'ang'anizi: zimeshika ruta ya mbali kwa mstari mmoja huku nyingine iko kichwani mwao. Dawa inashangaza wengi, nayo ni kupunguza nguvu ya redio kwenye ruta zote mbili. Zikipiga kelele kidogo, simu inaisahau ya mbali mapema. Viwango vya 802.11k, v na r husaidia simu kuamua haraka, kama vifaa vyako vyote vinavifahamu.

Siku za majaribio, mimi huweka majina mawili tofauti ili nijue niko wapi. Nikiridhika nayaunganisha.

Chaneli je?

Tofauti na jina, chaneli, yaani njia za redio ambazo ruta hutumia, zisifanane. Kwenye 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11 na usitafute ujanja mwingine. Chaneli zimepangwa kwa nafasi ya MHz 5, lakini mawimbi yenyewe yanachukua upana wa MHz 20 hivi, kwa hiyo anayekaa 3 anawasumbua wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Upana uache 20. Ukiweka 40 umeziba karibu uwanja mzima, wewe na jirani. Maikrowevu nayo hufanya kazi humohumo, karibu na 2.45 GHz, kwa hiyo usishangae simu ya video kukatakata chakula kinapopashwa moto.

Kwenye 5 GHz nafasi ni kubwa. Weka ruta moja 36 na nyingine juu zaidi. Chaneli za 52 hadi 144 zinagawana anga na rada, hivyo ruta lazima isikilize angalau dakika moja kabla ya kuzitumia. Ukiwasha ruta ukaona Wi-Fi ya 5 GHz haitokei, mpe muda kabla ya kumshika uchawi.

Siwezi kupitisha kebo. Nifanyeje?

Kuna ripita, kuna mfumo wa meshi, na kuna vifaa vinavyopitisha data kwenye nyaya za umeme.

Ripita ya redio moja inasikia na kurudia kwa redio ileile, na haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kasi inashuka karibu nusu. Kosa kubwa zaidi ni mahali pa kuiweka: watu huichomeka kule kusikoshika. Itarudia nini kama yenyewe haisikii? Iweke katikati ya njia, ambapo mawimbi bado ni -65 hivi.

Meshi ni ruta zinazojuana tangu kiwandani na kusimamiwa kama kitu kimoja. Zile zenye redio ya tatu kwa ajili ya kuzungumza zenyewe kwa zenyewe husaidia sana. Lakini hata meshi, ukiweza kuipa kebo, ipe.

Vifaa vya nyaya za umeme ni bahati nasibu. Nyumba moja vinaruka, nyingine vinatambaa. Vichomeke moja kwa moja ukutani, kamwe si kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme, kwa kuwa kinga hiyo huchuja hata data. Na kama nyumba yako ina kebo za antena za zamani zinazopita kila chumba, uliza kuhusu adapta za MoCA, zinazopitisha data kwenye kebo hizo. Hizo zimeniokoa mahali nilipokuwa nimekata tamaa.

Ninunue kebo gani?

Cat5e inatosha: inabeba gigabiti 1 kwa umbali wa hadi mita 100. Cat6 ni nzuri kama unavunja kuta na hutaki kurudi humo tena. Epuka kebo ambayo nyaya zake ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ni nyepesi, ni rahisi, na hukatika ukiikunja mara mbili.

Kuna kasoro moja ya kuijua. Gigabiti 1 inahitaji nyaya zote nane ndani ya kebo, lakini megabiti 100 inaridhika na nne. Waya mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika, au plagi ikibanwa vibaya, kebo haifi. Inashuka kimyakimya hadi 100. Kwa hiyo ukiona chumbani hupati zaidi ya megabiti 94 au 95 kila ukipima, usitazame Wi-Fi. Tazama kebo, au angalia kama matundu ya ruta ya zamani yenyewe mwisho wake ni 100; nyingi ndivyo zilivyo.

Kati ya majengo mawili yanayotenganishwa na uwanja, usivute kebo ya shaba. Radi haina adabu. Tumia faiba au antena mbili zinazotazamana.

Nimeongeza kebo moja tu na nyumba nzima imekufa, taa zinapepesa kama wazimu.

Umefunga duara. Kebo mbili kati ya ruta zilezile, au kebo moja ambayo ncha zake zote ziko kwenye swichi moja, na ujumbe unazunguka bila kufa hadi mtandao unajaa. Chomoa uliyoichomeka mwisho. Taa zitatulia papo hapo.

Ruta ya zamani ni salama?

Inategemea umri. Kama inajua WEP tu, ulinzi wa Wi-Fi wa zamani sana, itupe. WPA2 iko tangu 2004, WPA3 tangu 2018. Chochote chini ya WPA2 si ulinzi. Zima WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN. Badilisha neno la siri la msimamizi kwenye ruta zote mbili, maana wengi hubadilisha la ile kuu wakasahau nyingine. Kama mtengenezaji ameshaacha kutoa masasisho, tazama kama modeli yako inakubali OpenWrt, programu huria iliyoanza 2004 kutokana na ruta ya Linksys WRT54G.

Ikishakuwa AP, vizuizi vya watoto na faiwoli ulivyoviweka ndani yake havifanyi kazi tena. Vihamishie kwenye ruta kuu.

Nimesahau anwani ya ruta ya pili. Naingiaje?

Usitegemee kuiona kwenye orodha ya DHCP ya ruta kuu, kwa kuwa anwani yake uliiweka kwa mkono. Tumia programu ya simu inayokagua mtandao mzima na kuorodhesha kila kinachojibu. Jina la mtengenezaji litakuonyesha ni ipi. Ikishindikana, ifute uanze upya. Ila chomoa kwanza kebo inayotoka ruta kuu, ndipo ushike pini.